Setapu ya gitaa la umeme: fundi anagusa nini, na kwa nini

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wapigaji wa kwaya na bendi kuna swali halikauki: "Jamani, gitaa langu halikai kwenye tyuni, tatizo nini?" Ndani ya dakika chache majibu yamejaa. Wa kwanza anasema badilisha nyuzi. Wa pili anasema kaza kile chuma cha shingoni. Wa tatu, ambaye hilo gitaa hajaliona hata kwa picha, anasema ni la bei rahisi, uza ununue lingine. Hatimaye anatokea mmoja: "Lipeleke likafanyiwe setapu." Kila mtu anakubali, mjadala unafungwa, na hakuna aliyesema setapu yenyewe ni kitu gani.

Basi mpigaji anakwenda kwa fundi bila kujua anachokwenda kununua. Akikutana na fundi mzuri, anaona ametozwa pesa kwa kuzungushiwa skrubu. Akikutana na fundi wa kubahatisha, anarudishiwa gitaa ambalo ni jepesi huku chini na linakwaruza huku juu, na hana maneno ya kumwonyesha kosa liko wapi.

Setapu ni kulipanga gitaa zima upya ili vipimo vyake vikubaliane na nyuzi ulizofunga, tyuni unayotumia na mkono wako. Si ukarabati. Gitaa lililovunjika kichwa au lenye freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) zilizoliwa linahitaji ukarabati kwanza, na hiyo ni kazi nyingine yenye bei nyingine. Katika setapu fundi anagusa mambo matano: mnyooko wa shingo, mifereji ya nati (si nati ya kufungwa kwa spana, ni kile kipande cha plastiki au mfupa pale kichwa kinapoanza), kimo cha nyuzi juu ya freti, intonesheni (usahihi wa noti uzi unapobanwa), na umbali wa pikapu (zile sumaku zinazonasa sauti) kutoka kwenye nyuzi. Kila jambo lina mahali pake pa kurekebishia. Ukiniuliza, karibu magitaa yote "yaliyoharibiwa na fundi" yameharibiwa kwa njia moja: mtu ametumia skrubu ya kazi hii kufanya kazi ile.

Aliyewahi kumtazama fundi baiskeli akinyoosha ringi ataelewa haraka. Ringi imepinda kushoto, anakaza spoki moja, anazungusha gurudumu, anaona sasa imevutwa kidogo mahali pengine, analegeza nyingine, anazungusha tena. Hakuna spoki inayojitegemea. Gitaa liko hivyo hivyo: ukigusa shingo, kimo cha nyuzi kimebadilika, ukigusa kimo, intonesheni imehama. Ndiyo maana kazi ina mpangilio wake, na ndiyo maana fundi anatyuni gitaa upya baada ya kila hatua. Anayeanzia mwisho atarudi mwanzo atake asitake.

Shingo: kuvutana kusikoisha

Nyuzi sita za seti ya nambari 10 (namba ya unene), kwenye gitaa la aina ya Stratocaster lenye tyuni ya kawaida, zinavuta kwa jumla ya takriban kilo 47. Seti ya nambari 9 inavuta kama kilo 39. Mvuto huo haupumziki mchana wala usiku, na unataka kuikunja shingo kuelekea mbele. Ndani ya mbao za shingo kuna ufito wa chuma unaovuta upande wa pili. Kampuni ya Gibson ilipata hataza ya ufito wa kurekebishika mwaka 1923, kazi ya mfanyakazi wake Thaddeus McHugh, na wazo la msingi halijabadilika sana tangu hapo: ukikaza, shingo inanyooka au inarudi nyuma, ukilegeza, nyuzi zinaivuta mbele.

Wengi hudhani shingo nzuri ni iliyonyooka kama rula. Siyo. Uzi unapolia unayumba, na mahali unapoyumba zaidi ni katikati yake. Kwa hiyo shingo inatakiwa kuwa na bonde dogo sana katikati, ili uzi upate pa kuyumbia bila kugonga freti. Bonde hilo ni dogo kiasi cha milimita 0.2 hadi 0.3, na unaweza kulikagua nyumbani bila chombo chochote cha kununua. Bana uzi wa sita, ule mnene kabisa, kwenye freti ya kwanza kwa kidole cha mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ubane pale shingo inapoungana na mwili. Uzi wenyewe sasa umekuwa rula. Tazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Chukua kipande cha uzi wa kwanza wa zamani, ule mwembamba kabisa, nambari 10: unene wake ni sehemu kumi kati ya elfu moja za inchi, yaani milimita 0.25, na ndiyo maana unaitwa nambari 10. Kipitishe hapo. Kikipita kwa kugusa kidogo, shingo iko vizuri. Kikipwaya sana, shingo imekunjwa mbele kupita kiasi. Kisipoingia kabisa, imenyooka mno au imerudi nyuma.

Hapo ndipo ule ushauri wa "kaza chuma" unapoleta maafa. Mtu anaona nyuzi ziko juu, anakaza ufito, na kweli nyuzi zinashuka. Anafurahi. Kisha freti nne za mwanzo zinaanza kukwaruza, kwa sababu bonde limekwisha. Anakaza tena akidhani hajafika. Ufito wa shingo ni wa kupanga bonde tu. Kimo cha nyuzi kina skrubu zake kwenye briji, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa. Na hata anayejua anachofanya huzungusha robo mzunguko, anatyuni, anapima, ndipo anaamua kama anaendelea. Ufunguo usiolingana na tundu hula meno ya ndani, na meno yakishaliwa fundi atalazimika kuchimba. Ukihisi ugumu usio wa kawaida, acha. Kukaza zaidi ya hapo kunaweza kukata chuma ndani ya shingo, na kukitoa ni kazi ambayo kwa gitaa la bei ya chini huwa hailipi.

Chini sana nako kuna bei yake

Kimo cha nyuzi, au akshoni kama wanavyosema wapigaji, hupimwa kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Kwenye freti ya 12 magitaa mengi hutulia kati ya milimita 1.5 upande wa uzi mwembamba na 2 upande wa uzi mnene. Kampuni ya Fender wao hupima kwenye freti ya 17 na kuanzia kama milimita 1.6. Hizi ni namba za kuanzia tu, wala si amri.

Kuna imani kwamba akshoni ya chini kabisa ndiyo ya wataalamu. Inategemea mkono. Mpigaji wa solo mwenye pigo laini anaweza kuishi na nyuzi zilizolala karibu na freti. Mpigaji wa rithimu kwenye bendi ya benga, anayepiga kwa nguvu saa nne mfululizo, akipewa gitaa hilohilo litamkwaruzia kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Uzi ulio juu kidogo una nafasi, unalia mrefu zaidi na wazi zaidi. Fundi asiyekuuliza unapiga nini anapanga gitaa la mtu mwingine.

Mkwaruzo wenyewe husema uliko ugonjwa, ukijua kuusikiliza. Ukiwa kwenye uzi mtupu pekee, yaani ukibana freti yoyote unaisha, mtuhumiwa wa kwanza ni nati. Ukiwa freti ya kwanza hadi ya nne au ya tano, shingo imenyooka mno. Ukiwa kuanzia freti ya 12 kwenda juu, mara nyingi nyuzi zimeshushwa sana kwenye briji. Ukiwa mahali pamoja tu, tuseme freti ya sita ya uzi wa pili na si kwingine, basi freti inayofuata imeinuka au hiyo ya sita imeliwa, na hapo hakuna skrubu itakayokusaidia: freti zinatakiwa kusawazishwa kwa msasa na kurudishiwa mviringo wake. Hiyo si setapu. Fundi akikutajia bei ya ziada kwa kazi hiyo hakuibii.

Kabla ya yote, chomeka gitaa kwenye amplifaya. Mkwaruzo mwingi unaosikika chumbani kwenye kimya hauingii kwenye pikapu kabisa. Kama spika haiutoi, ukiwa jukwaani hutausikia wewe wala msikilizaji.

Nati, mtuhumiwa asiyetajwa

Turudi kwa yule ambaye gitaa lake halikai kwenye tyuni. Watu hukimbilia kununua vigingi vipya vya kukazia nyuzi. Vigingi hulaumiwa kuliko vinavyostahili. Tyuni polepole huku umeinamia kichwa cha gitaa, ukisikiliza. Ukisikia "ting" ndogo na sindano ya tyuna (kile kifaa cha kupimia noti) ikaruka ghafla, uzi umekwama kwenye mfereji wa nati na sasa umechomoka. Ukiuvuta uzi kwa kidole wakati wa kupiga, unateleza kwenda lakini haurudi wote, na tyuni imeharibika. Dawa ya kwanza ni penseli ya kawaida: legeza uzi, utoe kwenye mfereji, chora ndani ya mfereji hadi ule unga mweusi ujae, rudisha. Ikishindikana, fundi atapanua mfereji kwa tupa nyembamba ya kipimo cha uzi huo.

Sababu nyingine ni nyuzi mpya ambazo hazijavutwa. Baada ya kufunga, zivute moja moja kwa upole kutoka kwenye ubao, tyuni, vuta tena, hadi zisishuke. Na unapotyuni, fika kwenye noti ukitokea chini. Ukipita, shuka chini yake kisha panda tena. Ukiishia kwa kulegeza, uzi utaendelea kulegea ukiwa katikati ya wimbo.

Kimo cha mifereji nacho kina kipimo chake. Bana uzi kwenye freti ya tatu, tazama freti ya kwanza: panatakiwa kuonekana mwanga mwembamba sana kati ya uzi na freti. Viwanda vingi huacha nati juu kwa makusudi, kwa kuwa mfereji ulio juu hushushwa kirahisi, ila ulioshushwa mno haupandi bila kujazwa au kubadilishwa nati. Ndiyo sababu gitaa jipya kutoka dukani Kariakoo linaweza kumuumiza mwanafunzi vidole kwenye kodi ya F, tena kodi yenyewe ikatoka imepanda, mwanafunzi akajiona hana kipaji. Kwa mtazamo wangu, pesa ya setapu ya kwanza ingehesabiwa kama sehemu ya bei ya gitaa.

Kutyuni ni jambo moja, intonesheni ni jingine

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa zaidi, kwa hiyo twende taratibu.

Kutyuni ni kuuweka uzi mtupu kwenye noti yake. Intonesheni ni kuhakikisha uzi huo, baada ya kutyuniwa, unatoa noti sahihi pia unapobanwa huko juu. Gitaa linaweza kuwa limetyuniwa barabara, tyuna ikawaka kijani nyuzi zote sita, na bado ukipiga kodi kwenye freti ya 10 isikike chachu.

Freti ya 12 iko katikati ya uzi. Ukiugawa uzi nusu, unapata noti ileile oktavu moja juu. Freti nyingine nazo zimewekwa kwa hesabu: kila freti inafupisha sehemu iliyobaki ya uzi kwa uwiano uleule, na hatua 12 zinakupa nusu kamili. Hesabu ni safi, shida inaanza mkono unapoingia. Ukibana uzi unausukuma chini, unanyooka kidogo, na uzi ulionyooshwa hupanda sauti. Kila noti unayobana ingekuwa juu kidogo kuliko hesabu inavyotaka. Dawa yake ni kuufanya uzi uwe mrefu kidogo kuliko hesabu, na hiyo ndiyo kazi ya sadeli, vile vipande vidogo vya chuma juu ya briji ambavyo kila uzi umelalia chake. Tazama gitaa lililopangwa vizuri: sadeli hazikai kwenye mstari mmoja, zimejipanga kama ngazi, kwa sababu uzi mnene huhitaji nyongeza kubwa kuliko mwembamba.

Kuikagua ni rahisi. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubana, upige upate ile sauti ya kengele, usome kwenye tyuna. Kisha ubane pale pale, upige, usome tena. Sauti ya kubana ikiwa juu zaidi, uzi ni mfupi: sadeli irudi nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, sadeli isogee mbele. Tyuni upya, kagua tena. Kazi hii hufanywa kwa nyuzi mpya na baada ya shingo na kimo kukamilika. Uzi wa zamani una jasho, kutu na mibonyeo ya freti. Unene wake haulingani tena mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hata ukiupanga leo, siku ya kufunga nyuzi mpya utapanga tena.

Kwa muziki wa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Anayepiga kodi za chini kanisani anaweza kukaa na intonesheni mbovu mwaka mzima asijue. Lakini gitaa la solo kwenye dansi na rumba, ule mtindo ambao wapiga gitaa wa Kongo kama Franco na Docteur Nico waliufanya ujulikane kila mahali, hukaa huko juu, na hutembea kwa noti mbili mbili kwa wakati mmoja. Noti mbili zinazokosana kidogo hutoa mawimbi yanayosikika hata kwa mtu asiyejua muziki. Ukiingia seben, ile sehemu ya wimbo ambapo gitaa ndilo linaloongoza, na gitaa la namna hiyo, mpiga kinanda atakugeukia.

Wale wa mi-composé, wanaotoa uzi wa nne na kuweka mwembamba unaotyuniwa oktavu moja juu, wana la kuongeza: mfereji wa nati uliokatwa kwa uzi mnene unauacha uzi mwembamba ukicheza ndani, na sadeli ya uzi huo lazima isogezwe mbele. Mwambie fundi kabla hajaanza. Anayetumia kapo (kile kibano kinachobana nyuzi zote shingoni) kila wimbo naye aseme, na aende nayo. Kapo inayobana kupita kiasi hupandisha sauti, na hilo sadeli haiponyi.

Hata baada ya yote hayo, gitaa halitakuwa sahihi asilimia mia, na si kosa la fundi. Mpangilio wa freti ni wa suluhu: kila kodi inapunjwa kidogo ili zote zivumilike. Kuna wapigaji wanaotyuni uzi wa pili kwa sikio hadi kodi ya G itulie vizuri, kisha wanashangaa E imeharibika. Wamempa mmoja haki ya mwingine. Amini tyuna, uendelee.

Briji yenye springi

Gitaa lenye mkono wa kuyumbisha sauti lina mvutano wa pili: mgongoni, chini ya kifuniko, kuna springi, mara nyingi tatu, zinazoshindana na nyuzi. Ukihama kutoka nambari 9 kwenda 10 umeongeza karibu kilo nane upande wa nyuzi, na briji inainuka nyuma. Nyuzi zote zinapanda juu, watu wanakaza ufito wa shingo, na tumeshaona mwisho wake. Kinachotakiwa kukazwa ni skrubu mbili zinazoshika springi. Kwenye briji inayoelea, uzi mmoja ukikatika, springi zinashinda na nyuzi zilizobaki zinapanda sauti zote kwa pamoja, katikati ya ibada. Asiyeutumia mkono huo amwombe fundi akaze springi hadi briji ilale juu ya mwili.

Kelele za umeme si kazi ya skrubu

Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Kuziinua karibu kabisa na nyuzi ili "sauti iwe kubwa" ni kujipunja: sumaku inaukamata uzi mnene, sauti inayumba kama haiko kwenye tyuni na inakufa mapema. Kwa pikapu za koili moja, milimita 2 hadi 2.4, uzi ukiwa umebanwa freti ya mwisho, ni mahali pazuri pa kuanzia. Sauti zaidi iko kwenye amplifaya.

Mvumo wa "mmmm" mzito ni wa umeme wa ukutani, ambao kwetu unakwenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Pikapu ya koili moja huunasa kwa asili yake. Seth Lover wa Gibson aliomba hataza mwaka 1955 kwa pikapu ya koili mbili zinazofuta mvumo huo, na ndiyo hamubaka tunayoijua. Kwa hiyo ukinunua gitaa la koili moja, mvumo kiasi fulani umenunua pamoja nalo. Ukishika nyuzi na mvumo ukapungua, hiyo ni kawaida, inaonyesha waya wa athi ndani ya gitaa umeungwa. Nobu inayochakarisha inasafishwa kwa dawa ya kupulizia ya vifaa vya umeme, siyo mafuta ya kula wala ya cherehani. Jeki inayokatakata sauti huwa imelegea nati yake ya spana au imeachia lehemu. Ni kazi ndogo.

Lakini ukishika nyuzi, mdomo ukagusa maikrofoni, ukapigwa na umeme hata kidogo, weka gitaa chini. Hapo tatizo liko kwenye athi ya soketi, ya waya wa ekstensheni au ya jenereta ya harusini, na linaua. Usikate pini ya tatu ya plagi ili kuondoa mvumo, hata aliyekushauri awe na miaka mingi jukwaani. Mwite fundi umeme.

Hewa, jasho na limau

Mbao hunywa unyevu na kuutoa. Gitaa lililopangwa Tanga au Mombasa, likapelekwa Dodoma kiangazi, shingo yake haitakaa ilivyokuwa. Ubao wa vidole ukikauka unasinyaa, freti za chuma hazisinyai, na ncha zake zinaanza kukuchoma pembeni mwa kiganja. Unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55 ndio gitaa linaupenda. Pwani tunauzidi karibu mwaka mzima, na kinachosaidia ni kulihifadhi ndani ya kesi badala ya ukutani mbele ya dirisha, na kutoliacha kwenye buti la gari juani. Kufuta nyuzi kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga kunaongeza maisha yake kuliko dawa yoyote, kwa sababu jasho ni chumvi.

Limau la sokoni lisiguse ubao. Ni tindikali, linakausha mbao na kushambulia freti. Yale mafuta ya chupa yenye harufu ya limau kwa kawaida ni mafuta ya madini yaliyotiwa harufu, na yanafaa ubao mweusi usiopakwa vanishi, tone chache, mara moja au mbili kwa mwaka. Ubao huo mara nyingi ni wa jenasi ya Dalbergia, ukoo mmoja na mpingo wetu, ule unaosafirishwa kwenda kuwa klarineti. Ubao mweupe wenye vanishi hautaki mafuta.

Kuchemsha nyuzi je? Wapiga besi wameifanya miaka na miaka kwa sababu seti ya besi ni ghali, na si uongo: maji ya moto hutoa grisi na uchafu, mng'ao unarudi kwa muda. Hayaondoi mibonyeo wala uchovu wa chuma, na zisipokaushwa vizuri zinapata kutu. Kwa nyuzi za solo usijisumbue. Na ile ya kulegeza nyuzi kila usiku "ili shingo ipumzike" iache. Shingo imepangwa ikiwa na mvuto, na kuilegeza na kuikaza kila siku ndiko kunakoinyima utulivu.

Ukienda kwa fundi

Mara moja kwa mwaka inatosha kwa wengi, mbili kwa anayesafiri na bendi. Nje ya hapo, lipeleke ukibadilisha unene wa nyuzi, ukishusha tyuni nzima kwa nusu toni kumfuata mwimbaji, au ukihamia mji wenye hewa tofauti.

Nenda na seti ya nyuzi utakazotumia kila siku. Mwambie tyuni yako, mwambie kama unapiga kwa nguvu, kisha piga mbele yake dakika mbili autazame mkono. Usimwambie "kaza shingo" wala "shusha akshoni". Mweleze dalili: linakwaruza wapi, kodi gani inachachuka, wapi vidole vinauma. Siku ya kulichukua piga kila freti ya kila uzi ukiwa umechomeka, kagua freti ya 12 kwa tyuna, kisha tyuni mara tatu ukisikiliza ile "ting". Akikwambia ulirudishe baada ya wiki mbili alitazame tena, mrudishie: shingo iliyoguswa ufito huchukua siku kadhaa kutulia, na robo mzunguko ya mwisho mara nyingi huamuliwa hapo.